Waasisi wameondoka, gemu bado tamu

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu na wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi za gazeti zilinibana, na muda mdogo uliobaki, nasema ukweli ingawa najua mtanicheka, niliutumia kucheza gemu. Mtu mzima, ana shahada, ana kitambulisho cha mwandishi wa habari shingoni, saa saba za usiku anawaamrisha wanakijiji wakate miti!

Gemu yenyewe ni Age of Empires II. Wengi wenu mnaijua. Mara ya kwanza niliiona kwa bro, aliporudi likizo kutoka chuo na kompyuta ya mezani iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Ilikuwa CD ya kuchoma, tusidanganyane. Nilikuwa darasa la tano. Alinipa nafasi ya kucheza pale tu alipokwenda kula, kwa hiyo nilijifunza kujenga ufalme ndani ya dakika kumi na tano, na kila aliporudi aliukuta unaungua moto.

Sasa ninayocheza ni toleo la 2019, lile linaloitwa Definitive Edition. Nilipomwambia bro kwenye simu akanijibu kwa dharau: "Hiyo siyo yenyewe, dogo. Walioitengeneza walishaondoka zamani."

Ndilo neno lililonifanya niandike haya.

Bro hajakosea kwa tarehe. Age of Empires ilitengenezwa na studio iliyoitwa Ensemble, huko Dallas, Texas. Ya kwanza ilitoka 1997, ya pili 1999, na nyongeza yake The Conquerors ikafuata 2000. Mmoja wa vinara wake alikuwa Bruce Shelley, ambaye kabla ya hapo alishirikiana na Sid Meier kutengeneza Civilization ya 1991. Microsoft waliinunua studio hiyo 2001, halafu Januari 2009, baada ya watu wake kumaliza gemu nyingine iitwayo Halo Wars, ikafungwa. Yaani wakati mimi naiba dakika zangu kumi na tano kwenye kiti cha bro, waliotengeneza ile gemu walikuwa wamekwisha kutawanyika kila mtu na njia yake.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Gemu ilibaki yatima, lakini kulikuwa na watu duniani walioendelea kuicheza kila siku miaka zaidi ya kumi baada ya kutoka. Kikundi cha mashabiki hao kikaanza kuifungua na kuichokonoa, kikaongeza falme mpya, kikatengeneza nyongeza nzima na kuisambaza bure mtandaoni. Waliiita Forgotten Empires. Hawakuajiriwa na mtu. Microsoft walipoirudisha gemu sokoni 2013 kwa sura mpya, hawakuwakimbiza mashabiki hao mahakamani, waliwapa kazi. Mwaka huo huo nyongeza yao ikatoka rasmi kwa jina The Forgotten, ikiuzwa kwa fedha halali. Mashabiki wakawa watengenezaji. Waasisi waliacha falme 18. Kufikia toleo la 2019 zilikuwa 35, na bado zinaongezwa.

Na ni tamu! Nawaambia kama mtu aliyecheza zote mbili. Mnakumbuka mashamba? Zamani shamba likiisha rutuba mwanakijiji anasimama tu kama karani anayesubiri posho, mpaka wewe uende ukalipande upya, huku adui anabomoa ukuta upande wa pili. Toleo jipya linapanda lenyewe ukitaka. Jambo dogo, lakini ni mtu aliyepoteza vita kwa sababu ya mashamba tu ambaye angeona umuhimu wake. Hapo ndipo nilipojua kwamba hawa jamaa wamecheza kweli, hawakusoma tu karatasi ya maelekezo kutoka makao makuu.

Hoja yangu ni hiyo, na naomba mnipinge kama mnaweza. Sisi tunapenda kusema kitu bila mwasisi wake ni feki. Mbona kwenye muziki hatusemi hivyo? Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. TX Moshi William alifariki 2006. Muhidin Gurumo, aliyekuwepo tangu siku za NUTA, alifariki 2014. Watu hawakuacha kuingia ukumbini kwa sababu hiyo. Aliyesimama kwenye gitaa ni kijana aliyekua akiisikiliza bendi hiyo kwenye redio ya baba yake, na vidole vyake vinajua pa kwenda.

Najua mtaniambia kuna mifano ya kinyume. Ipo, na mkubwa kuliko yote ni wa mpira, kwa hiyo hata wasiopenda mambo ya mapanga watanielewa. Championship Manager! Iliandikwa na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, ikatoka 1992. Wale wa toleo la 01/02 mnamkumbuka Tonton Zola Moukoko, kijana aliyezaliwa Kinshasa akakulia Sweden, ambaye ndani ya gemu alikuwa anafunga kama ana deni. (Uwanjani hakufika huko, maskini, lakini wapo watu mpaka leo wanamheshimu kuliko washindi wa Kombe la Dunia.) Mwaka 2003 akina Collyer na kampuni yao, Sports Interactive, wakaachana na wachapishaji wao, Eidos. Wakagawana kama wanandoa: Eidos wakabaki na jina, Sports Interactive wakaondoka na programu yenyewe pamoja na data zote za wachezaji. Novemba 2004 hawa wakatoa Football Manager 2005. Eidos wakakusanya watu wapya, wakaanza kujenga upya kutoka sifuri, na Machi 2005 ikatoka Championship Manager 5. Ilijaa kasoro kiasi kwamba waliokuwa wameipenda kwa miaka kumi na zaidi waliikimbia. Jina lilikuwa kubwa, ndani hamna kitu.

Lakini tazameni vizuri kilichotokea pale. Wale wapya walipewa jina peke yake. Hawakupewa mashine, hawakupewa data, na walikuwa wanakimbizana na saa. Ni kama upewe ubao wa hoteli maarufu bila mpishi, bila sufuria, halafu uambiwe wateja wanakaa mezani saa sita. Sidhani tatizo lilikuwa kwamba hawakuwa akina Collyer. Isitoshe hao waasisi wenyewe si malaika: Februari 2025 Sports Interactive walilazimika kuifuta kabisa Football Manager 25, baada ya kuiahirisha, kwa sababu haikufikia kiwango walichotaka. Mwenye nyumba naye huunguza wali.

Kuna na Zelda, ingawa sikuicheza sana kwa sababu mashine za Nintendo kwetu zilikuwa za watoto wa wakubwa. Hiyo ni mali ya akina Shigeru Miyamoto tangu 1986. Mwaka 2001 Nintendo waliwaachia watu wa Capcom, kampuni nyingine kabisa, watengeneze Zelda mbili za mashine ndogo ya mkononi. Aliyeziongoza alikuwa Hidemaro Fujibayashi. Baadaye akahamia Nintendo, na 2017 akaongoza Breath of the Wild, ambayo wengi wanaihesabu miongoni mwa gemu bora kuwahi kutengenezwa. Mgeni alikaribishwa akasaidie kuosha vyombo, leo ndiye anayepika.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi kama mtu wa pwani.

Katika gemu ya 1999, Afrika kusini ya Sahara haikuwepo. Hapakuwa na Mali, hapakuwa na Uhabeshi, hapakuwa na chochote. Waasisi tunaowalilia walitengeneza dunia ya Zama za Kati wakatuacha nje. Ni hawa mashabiki, hawa "siyo wenyewe", ambao Novemba 2015 walitoa nyongeza waliyoiita African Kingdoms, wakaleta Waberberi, Wahabeshi na Wamali. Ukiwabofya wanakijiji wa Uhabeshi wanakuitikia kwa Kiamhara! Kuna kampeni ya Sundjata, mwasisi wa dola ya Mali, na kuna ya malkia Yodit, yule ambaye simulizi za Wahabeshi zinasema aliiteketeza Aksum. Nilikaa kwenye ile ya Yodit mpaka nikachelewa mkutano wa asubuhi wa wahariri.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Wamali wamepewa askari wanawake wanaorusha visu, wanaitwa Gbeto. Wanapendeza, lakini Gbeto ni habari ya Dahomey, mbali na Mali na karne kadhaa baadaye. Mhariri wangu angelizungushia duara jekundu.

Halafu kuna ufalme wa nne katika nyongeza hiyo hiyo. Ni Ureno. Ndiyo, ndani ya "African Kingdoms". Na kampeni yake ni ya Francisco de Almeida.

Walionda kusoma historia shuleni mtamkumbuka. Ndiye aliyefika Kilwa Julai 1505 na meli zake za mizinga, akaiteka, akamweka mtawala anayemtaka, akajenga ngome. Mwezi uliofuata akaichoma moto Mombasa. Kilwa ile ambayo Ibn Battuta aliisifu alipoitembelea 1331. Basi, mara ya kwanza pwani yetu kuhusika katika gemu niliyoipenda tangu utotoni, mimi niko upande wa meli. Ninachaguliwa kuwa Almeida. Kompyuta inasubiri amri yangu.

Je, niliacha kucheza? Sikuacha. Niliicheza, na nilifurahia, na niliona vibaya kufurahia. Nilichofanya ni kufungua Wikipedia kusoma alivyokufa: aliuawa Machi 1510 karibu na Rasi ya Tumaini Jema, katika mapigano na Wakhoikhoi, ambao hawakuwa na bunduki hata moja. Nikalala vizuri kidogo.

Wengine watasema hapo ndipo ubaya wa kuwaachia wageni. Mimi nasema waasisi wasingetufikisha hata kwenye huo ugomvi. Kwao hatukuwepo, si kama adui wala kama rafiki. Ningependa siku moja nione kijana wa Kilwa au Lamu au Bagamoyo anaifungua hiyo gemu kama walivyoifungua wale mashabiki, anaweka jahazi, anaweka minara ya matumbawe, na wanakijiji wanaitikia "Naam bwana". Haitakuwa kazi ya Ensemble. Nitainunua siku ya kwanza.

Labda nakazana hivi kwa sababu jambo lenyewe ni langu pia. Tangu Januari nimepewa safu ya wikiendi iliyoanzishwa na mzee mmoja wa kazi, kabla hata sijajua kusoma. Aliondoka, wakubwa wakasema jina la safu libaki, wakatoa picha yake wakaweka yangu. Wiki ya kwanza akapiga simu msomaji, mama mwenye sauti ya upole kabisa, akaniambia: "Mwanangu, unaandika vizuri, lakini wewe siye." Nikamjibu shikamoo, kwa sababu sikuwa na jibu jingine. Kwa mwezi mzima nikajaribu kuandika kama yule mzee, na misemo yake, na salamu zake za mwisho. Ilikuwa mbaya sana. Nilikuwa Championship Manager 5.

Nilichofanya baadaye ni kwenda maktaba ya ofisi na kutoa mafaili ya magazeti ya nyuma, nikasoma safu zake moja baada ya nyingine, vumbi mpaka puani. Nilichogundua ni kwamba watu hawakuwa wanampenda kwa misemo. Kila wiki alikuwa ametembea mahali, amemkuta mtu, amemuuliza bei ya kitu. Kila wiki! Hilo naliweza. Siku hizi nami natembea. Yule mama hajapiga tena, sijui ni kwa sababu ameridhika au ameacha kununua gazeti.

Bro hatimaye ameinunua hiyo Definitive Edition kwa shingo upande, ilipopunguzwa bei, eti "nikuoneshe tu kuwa ni takataka". Tumekubaliana Jumamosi usiku, umeme ukiwepo. Yeye atachukua Wafranki na wapanda farasi wake kama alivyozoea tangu ile kompyuta ya kelele. Mimi nachukua Wahabeshi, ambao kwenye CD yake ya kuchoma hawakuwepo, na wapiga mishale wao wanafyatua haraka kuliko anavyodhani.

Nitawaletea matokeo. Nikinyamaza, mjue nimefungwa.