Jicho la Rubani Si Kamera

Focke-Wulf 190 (Fw 190), ndege ya kivita ya Wajerumani, imewagombanisha marubani wa kompyuta miaka mingi. Ugomvi ulipamba moto katika IL-2 Sturmovik, mchezo uliotoka mwaka 2001. Ukikaa ndani ya ndege hiyo na kutazama kwenye kioo cha kulengea, sehemu ya chini ya duara la shabaha ilimezwa na upau mnene wa fremu ya kioo cha mbele. Adui akikata kona, alizama nyuma ya upau huo wakati uleule unapotaka kufyatua risasi. Wapo walioutetea kwa moyo wote, na hoja zao bado zinatumika kutetea makosa kama hayo katika simuleta za leo. Nimezipima, na nyingi hazisimami.

Hoja yao kubwa ni kwamba vipimo vilitoka kwenye michoro ya kiwanda. Na iwe hivyo. Chuma kinaweza kupimwa sawasawa hadi milimita ya mwisho, na bado anachokiona rubani kikawa cha uongo. Baina ya jicho lake na adui kulikuwa na kioo cha kuzuia risasi, unene wake milimita 50 hivi, kilicholazwa sana kuelekea nyuma. Mwanga ukiingia kwenye kioo cha namna hiyo hupinda, na ukitoka upande wa pili hurudia mwelekeo wake wa awali, ila umeshuka kidogo. Mvuvi anayechoma samaki kwa mkuki kutoka juu ya mtumbwi anaijua vizuri tabia ya mwanga ya kupinda: hulenga chini ya samaki anayemwona, la sivyo anamkosa. Tufanye hesabu. Kioo cha milimita 50 kikilazwa nyuzi 60 kutoka wima, mstari wa macho upande wa nje unapanda kwa sentimita 2.6 hivi, kana kwamba rubani amewekewa mto wa kukalia. Kwa adui aliye mita 200 mbele, sentimita hizo si kitu. Lakini kwa ukingo wa fremu ulio karibu na uso wako, hizo ndizo zinazoamua kama ukingo utakuziba au utatazama juu yake. Mchezo unaochora kioo hicho kama hewa tupu unamrudishia rubani kizuizi ambacho kioo halisi kilikuwa kimempunguzia.

Ushahidi wa waliokaa ndani ya ndege yenyewe upo pia. Tarehe 23 Juni 1942, rubani Mjerumani Armin Faber alipotea njia akatua Pembrey, Wales, na Fw 190 yake ikaingia mikononi mwa Waingereza ikiwa nzima. Wakaijaribu kwa makini, na ripoti yao iliisifu kwa jinsi rubani anavyoona nje, ikasema hata katika kulenga inaonyesha zaidi ya Spitfire. Hawa walikuwa maadui wa ndege hiyo, hawakuwa na sababu ya kuipamba. Simuleta inayomfanya mchezaji ailaani Fw 190 kwa kutoona mbele ina jambo la kujieleza.

Wengine huleta picha zilizopigwa ndani ya ndege za makumbusho: tazama, nguzo za fremu ni nene vilevile! Ni nene kwa kamera, kwa kuwa kamera ina jicho moja. Binadamu ana mawili, yaliyoachana kwa sentimita 6 na kidogo. Simamisha kidole mbele ya pua yako, kisha tazama mti ulio mbali. Kidole kinabaki kivuli tu, na mti wote unaonekana, kwa sababu kinachofichwa kwa jicho hili kinaonekana kwa lile. Nguzo ya wima iliyo nyembamba kuliko nafasi hiyo haiwezi kumficha adui wa mbali kwa macho yote mawili. Skrini ya kawaida inakunyima jicho la pili, kisha inakuchorea nguzo kama ukuta.

Hapa niseme kweli dhidi ya baadhi ya wanaoniunga mkono. Macho mawili hayasaidii kitu kwa upau uliolala, maana yamepangwa ubavu kwa ubavu. Anayetaka kuupinga upau wa Fw 190 ashike hoja ya kioo kinene, asichanganye mambo.

Kuhusu kuvuta picha karibu, wanaosema ni udanganyifu hawajapiga hesabu. Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Ukiitazama kutoka sentimita 60, inachukua takriban nyuzi 53 za uoni wako. Mchezaji anayebana nyuzi 90 za mandhari humo amepunguza ukubwa wa kila kitu. Kwa pikseli 1,920 za upana, kila uzi unapata pikseli 21, ilhali jicho zima hutofautisha nukta kama 60. Ndege ya kivita Bf 109, yenye mabawa ya karibu mita 10, ikiwa umbali wa kilomita 5 inapata pikseli mbili tu mahali ambapo jicho lingekuwa na nukta saba. Ukivuta hadi nyuzi 30 unafika pikseli 64, yaani umerudishiwa macho yako. Ukivuta kupita hapo ndipo unaposhika darubini ambayo rubani hakuwa nayo.

Lipo pia dai kwamba ukisogeza kichwa, shabaha inahama. Michezo ya zamani iliyoibandika alama juu ya kioo ndiyo iliyofundisha kosa hili. Katika kioo halisi cha kulengea, lenzi huinyoosha miale ya taa mpaka alama ionekane kana kwamba iko mbali sana, huko aliko adui. Sogeza kichwa, nayo inabaki juu yake, hadi jicho litoke nje ya upeo wa lenzi na alama itoweke. Duara la Revi, kioo cha kulengea cha Wajerumani, lilikuwa pia kipimo cha umbali: upana wake ulikuwa sehemu moja ya kumi ya umbali, kwa hiyo mabawa ya mita 10 yakilijaza, adui yuko mita 100. Yakijaza nusu, ni mita 200. Ukivuta picha karibu, duara lazima likue pamoja na adui, la sivyo kipimo hicho kinapotea.

Miwani ya uhalisia pepe imerudisha jicho la pili, na nguzo zimeanza kukonda kama inavyotakiwa. Haijarudisha ukali wote wa macho.

Dai la mwisho ni la upande wetu, kwamba rubani halisi aliona kila kitu. Hapana. Mchezaji mwenye kifaa cha kufuatilia kichwa hugeuza shingo kidogo tu akaona mkia wa ndege yake, hata katikati ya kona kali. Rubani alikuwa amefungwa mikanda, na kichwa chake pamoja na kofia, tuseme kilo 6, katika kona ya G 6, yaani mara sita ya uzito wa kawaida, kilimlemea kama kilo 36. Simuleta inayotaka kusema kweli iucheleweshe mgeuko wa kichwa kadiri G zinavyopanda, hata kama sisi wachezaji tutanung'unika.