Ripoti za wafanyakazi nazo zisomwe na wafanyakazi

KILA siku kabla ya mapambazuko, njia ya reli ipitayo Kibera hujaa watu waendao kazini kwa miguu. Wengi wao huelekea eneo la Viwandani. Kule Kawangware nako, walio na nauli hupanda matatu nambari 46 hadi katikati ya jiji kisha humalizia safari kwa miguu. Wasio nayo hudamka mapema zaidi. Wakifika langoni, baadhi yao huchaguliwa kwa kazi ya siku hiyo, na waliobaki huambiwa warudi kesho.

Watu hawa siku hizi wanaandikwa. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani, ambazo hununua bidhaa na huduma kutoka nchi kama yetu, hutoa kila mwaka ripoti za uendelevu, yaani maelezo ya namna zinavyotunza mazingira na kuwatendea haki watu, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vinavyoziuzia bidhaa. Hapa nyumbani, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa ripoti za aina hiyo mnamo Novemba 2021 kwa ajili ya kampuni zilizoorodheshwa humo. Wachumi na wanasheria wamekwisha kujadili kama yaliyomo katika ripoti hizi ni ya kweli. Mimi nina swali la mwanaisimu: ripoti hizi zinazungumza na nani?

Msomaji asidhani kuwa hili ni swali dogo. Neno letu "kibarua" lina historia ya kutufunza. Lilitokana na "barua", na hapo awali lilikuwa na maana ya kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, ambacho alikirudisha alipolipwa ujira wake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Kisha kikaja kipande. Chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba cheti chenye maelezo ya kazi yake, akakitia katika kikasha cha bati na kukivaa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo. Mbebaji, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, alitembea huku na huko na maneno ya kumhusu yeye mwenyewe asiyoweza kuyasahihisha. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku hapa Nairobi, hadi akakamatwa Machi 1922.

Sisemi kwamba ripoti za leo ni kipande. Kipande kilikuwa chombo cha kumfunga mfanyakazi, na ripoti, kwa nia iliyotangazwa, ni chombo cha kumlinda. Hata hivyo, kuna jambo moja linaloziunganisha karatasi hizi mbili: kila moja ina maneno juu ya mfanyakazi yaliyoandikwa na mtu mwingine, kwa lugha ngeni, ili yasomwe na mtu wa tatu. Sitashangaa kama matokeo yake nayo yatafanana.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri kurasa mbili za ripoti ya kampuni fulani ya ng'ambo, wazifasiri kwa Kiswahili. Nilidhani watakwama kwenye istilahi. La hasha! Walikwama kwenye vitenzi. Hatua zilichukuliwa. Mapungufu yalibainika. Wafanyakazi waliwezeshwa. Msichana mmoja, mzaliwa wa Kawangware, akauliza: "Mwalimu, nani alichukua hatua? Na mapungufu yalikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu ripoti yenyewe haikuwa nalo. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda kuondoka chumbani bila kuaga. Tukiri kwamba Kiswahili chetu nacho kinaijua hila hiyo. Sikilizeni tu hotuba za wakuu wetu. Kufasiri peke yake hakuleti ukweli. Lakini kufasiri humfikisha msomaji mpya mbele ya maandishi, na msomaji mpya huja na maswali mapya.

Msichana huyo alimsomea mamake tafsiri yake. Mama yule aliwahi kuwa kibarua katika kiwanda cha nguo kwa miaka kadhaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba anaikumbuka siku ya wageni. Asubuhi hiyo waligawiwa barakoa na glavu. Jioni wakazirudisha stoo. Mkaguzi alimuuliza maswali kwa Kiingereza, na aliyekuwa akifasiri ni msimamizi wake wa kazi. "Ningesema nini, mwanangu?" aliuliza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika kiwanda kile mwenyeji alipona kwa saa nane tu.

Kisha mama akauliza jambo ambalo darasa zima halikuwa limeliona. Ripoti ile ilitaja "wafanyakazi wote". Je, vibarua walihesabiwa? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ana haki ya kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Kwa hiyo neno "wote" lina uzito wa kisheria. Mwekezaji aliyeko London hulipita bila kusita, ilhali mtu aliyesimama langoni miaka mitatu husita hapo hapo.

Tena iko hila ya pili, nayo ni ya ulinganishi. Tuchukue mfano unaojulikana. Mwaka 2018 shirika la utangazaji la BBC lilieleza habari za vijana wa Nairobi, mmoja wao mkazi wa Kibera, walioajiriwa na kampuni ya Samasource. Kazi yao ilikuwa kutazama picha kwenye kompyuta na kutia alama kila gari, kila mtu na kila kibao cha barabarani, ili magari yajiendeshayo yafunzwe kuvitambua. Hao nao wamo katika mnyororo wa utengenezaji, ingawa mikono yao haina grisi. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008, ilijulikana kwa lengo lake la kuwaondoa watu katika ufukara kwa kuwapa kazi. Malipo yalikuwa kiasi cha dola 9 kwa siku, nayo yalilinganishwa na dola 2 hivi ambazo mtu wa mtaani angezipata kwa kazi za kubahatisha. Mwanzilishi alitetea kiwango hicho kwa hoja kwamba malipo ya juu mno yangelivuruga soko la kazi la hapa, hata na kodi za nyumba.

Januari 2023, jarida la TIME la Marekani likaandika juu ya kampuni hiyo hiyo, ambayo sasa iliitwa Sama. Liliripoti kwamba wafanyakazi waliosoma maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna, ili programu za OpenAI zifunzwe kuyatambua, walitia mfukoni kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mikataba nayo ilionyesha kwamba OpenAI ingeilipa Sama dola 12.50 kwa saa. Sama ilijibu kuwa kiasi hicho kilikuwa kinalipia gharama zote, pamoja na miundombinu, marupurupu na wasimamizi.

Hebu wanafunzi wagawanye dola 9 kwa saa nane. Watapata dola moja na senti chache. Ujira wa habari ya kwanza haukuwa mbali sana na ujira wa habari ya pili, lakini habari ya kwanza ilisomeka kama wokovu na ya pili kama dhuluma. Kilichobadilika ni kile ambacho ujira ulilinganishwa nacho. Mara ya kwanza kijana alisimamishwa kando ya jirani yake wa Kibera asiye na kazi, akaonekana mrefu. Mara ya pili alisimamishwa kando ya mnunuzi wa kazi yake, akaonekana mfupi. Ulinganishi wote wawili ni halali. Lakini mwandishi wa ripoti ndiye anayechagua, naye kwa kawaida huchagua ule wa kwanza. Mwenye kulipwa angechagua upi? Hajaulizwa.

Kuna watakaosema kwamba nashughulika na maneno wakati watu wanahitaji mkate. Nawakumbusha Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa katika jengo hilo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi. Siku moja kabla ya maafa, nyufa zilionekana ukutani. Wafanyakazi waliziona, wakaogopa, na asubuhi yake wakaamriwa waingie. Ujuzi uliohitajika ulikuwapo ndani ya jengo, vichwani mwa watu wanaoandikwa, lakini karatasi hazikuwa na nafasi ya kuupokea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na alalaye humo asipoulizwa, mkaguzi atasifu godoro.

Ni haki pia kutaja mema. Kuchapishwa kwa majina ya viwanda, jambo ambalo Nike ilianza kulifanya mwaka 2005 baada ya kulaumiwa kwa miaka mingi, kumewasaidia watetezi wa wafanyakazi kujua ni mlango upi wa kubisha. Ripoti yenye majina, mahali na tarehe ni bora kuliko kimya. Nami sitaki ripoti zikome. Nataka zipate msomaji anayeweza kuzibishia.

Njia ya kufika huko si ngeni katika sheria zetu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ikiwa mkataba wa mtu mmoja yafaa ueleweke, kwa nini ripoti inayodai kueleza hali ya maelfu isieleweke? Yatosha mambo matatu. Kwanza, sehemu ya ripoti inayohusu kiwanda fulani ifasiriwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa langoni, mahali ambapo hata kibarua wa siku moja ataiona. Pili, wafanyakazi wapewe muda wa kuijibu kupitia chama chao au watu waliowachagua wenyewe, na majibu yao yachapishwe ndani ya ripoti hiyo hiyo. Tatu, mfasiri wa mkaguzi asiwe mtu anayelipwa na kiwanda.

Watasema ni gharama. Kufasiri kurasa kumi ni kazi ya siku chache, na vyuo vyetu vimejaa vijana waliosomea kazi hiyo na wasio na ajira. Watasema pia kwamba wakazi wa Kibera na Kawangware huzungumza Sheng na lugha nyingine nyingi. Ni kweli, lakini wote hao husoma matangazo ya kazi, risiti za kodi ya nyumba na gazeti hili.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Ripoti nyingi za namna hii hutolewa bure. Chukueni ukurasa mmoja, mwape wanafunzi waufasiri, na chini ya kila kitenzi cha kutendwa waandike jina la mtenda. Pasipo na jina, waache pengo. Kisha kila mmoja aende nyumbani na karatasi yake, amsomee mtu aliyerudi kazini jioni hiyo. Yule msichana wa Kawangware alirudi darasani na mapengo manne yakiwa yamejazwa, kwa maelezo ya mama ambaye kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemwonyesha ripoti yoyote.