Boga Halikuozeshwa na Kidole



Wapendwa waamini, nani kati yetu hakuonywa utotoni asilinyooshee kidole boga changa, lisije likaoza? Aliyelazimika kulionyesha alitumia ngumi. Kwa hilo hatuna ugomvi na bibi zetu. Huenda mwiko huo uliyaokoa maboga mengi na mikono ya watoto. Hata hivyo, boga huoza pasipo kidole cha mtu, na sababu yake huonwa na yeyote aamkaye mapema.

Mmea wa maboga huchanua maua ya aina mbili. La kike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, nalo hufunguka alfajiri na kufumba ifikapo adhuhuri. Nyuki asipolifikishia chavua ya ua la kiume katika saa hizo chache, kiboga hugeuka manjano na kuoza. Nasi hupulizia dawa ya wadudu asubuhi iyo hiyo, tukawaua nyuki, kisha jioni twauliza ni mtoto wa nani aliyepita hapa! Nyuki wakikosekana, chuma ua la kiume, ulipanguse ndani ya la kike. Ni kazi ya dakika moja.

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha huanza pale kidole kinapoliacha boga na kumwelekea mtu. Mahindi yamedumaa, yananyauka ilhali mvua imenyesha, na mara mnong'ono unazunguka kwamba mama mzee wa ng'ambo ya shamba ameyavuta mavuno kwa dawa. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hiyo, macho yao mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi, kumbe ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni.

Ajichimbie mwenyewe mwenye shamba, aitazame mizizi. Mara nyingi atamkuta kiduha, gugu ambalo hata Waingereza wamelibandika jina la uchawi. Kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi au mtama na kuinyonya kwa majuma kadhaa kabla hakijachomoza juu ya ardhi. Ndiyo maana mkulima huona madhara asimwone mwizi. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Dawa yake ni kuking'oa kabla hakijachanua, kutia samadi, na kubadilisha mazao kwa kupanda kunde au karanga.

Wapo wanaotujibu kwa Maandiko: je, Bwana hakusimulia juu ya adui aliyepanda magugu usiku? Alisimulia, Mathayo 13. Lakini someni mpaka mwisho: mwenye shamba hakuwatuma watumishi kumsaka mtu, wala hakuwaruhusu kung'oa kabla ya mavuno. Na yule mtunza shamba wa Luka 13, mbele ya mtini usiozaa miaka mitatu, hakuuliza ni nani aliyeuloga. Aliomba mwaka mmoja zaidi, jembe na samadi.

Wengine hujitetea kwamba hawajaenda kwa mganga, hivyo dhamiri zao ni safi. Wasome Katekisimu, namba 2477: kuamini ubaya wa jirani pasipo msingi wa kutosha ni kosa, hata kama neno halijatoka kinywani.

Basi, Jumuiya yoyote yenye mama mzee aliyekwisha kunong'onwa msimu huu, sala ya juma lijalo ifanyikie nyumbani kwake.