Kunyata si kosa

Katika mazoezi yetu ya tafsiri, kitenzi cha Kiingereza "to sneak" kikitokea, wengi wetu tunakipitisha kwanza kwenye Kifaransa, tunapata "furtivement", kisha tunaandika "kwa siri". Mimi naona njiani tunapoteza vitu viwili: mwendo na hukumu.

Mwendo hauna ugumu. Mtu anaweza kufunga ndoa kwa siri. Haimlazimu kuinama wala kubana pumzi. Aliye-"sneak" kutoka nyumbani, tunamwona anavyokanyaga. Kiswahili kina neno lake, kunyata, na pale Waingereza wanapoongeza "up on", sisi tunanyambua kitenzi chenyewe: paka ananyata, halafu anamnyatia panya. Ndiyo maana "he sneaked out" haiwezi kuwa "alinyemelea". Alimnyemelea nani?

Linalonisumbua ni hukumu. "Stealth" imetokana na "steal", kuiba. Ndani ya "furtif" kuna "fur", mwizi wa Kilatini. Hata sisi tunasema kumtazama mtu kwa kuibia. "Sneak" nayo imezoea kutembea na aibu: watoto wa shule za Uingereza walimwita hivyo mwenzao anayewachongea kwa mwalimu. Lakini kunyata? Mama ananyata ili asimwamshe mtoto. Mwindaji ananyata, na jioni tunakula nyama yake bila kumshuku.

Sasa, baadhi yetu tutakuwa wakalimani wa mashirika yanayoandika ripoti zao kwa Kiingereza. Tuseme mwanamke aliyekimbia kijiji chake huko Ituri anasimulia: "Tulinyata mpaka shambani, tukachimba mihogo." Ukiandika "we sneaked into the field", msomaji aliye mbali anaweza kudhani mihogo ni ya wengine. Mama huyo alikuwa anawaogopa watu wenye bunduki, si mwenye shamba. Mwenye shamba ni yeye. "We crept to our field" inabeba hofu yake bila kumtia hatiani. Hiyo "our" nayo naiweka kwa makusudi: Kiswahili hakikuhitaji kuisema, Kiingereza kinaihitaji.

Mtaniambia "sneak" si ya lawama kila mara: Wamarekani wanaviita viatu vya raba "sneakers" kwa sababu havina kishindo, na "sneak peek" ya filamu haimwaibishi mtu. Kweli. Hata hivyo, kitenzi kikimshika mtu anayetoa ushahidi, msikilizaji hakumbuki viatu.

Nikiwageukia walimu wetu: "snuck", ambayo baadhi yenu mnaikata kwa wino mwekundu, inatumika Marekani tangu karne ya 19, na kamusi za huko zinaiorodhesha. Mngeiacha, wino huo ungetosha kwa "kwa siri" zetu.