Wi-Fi inawaka, intaneti hakuna: Kagua kabla ya kununua bando

Mei 12, 2024 intaneti ilidorora nchini baada ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom kukatika. Taa za ruta hazikuonyesha hilo, iwe Kiwalani au Masaki. Siku kama hiyo ni rahisi kudhani bando limeisha, ukanunua jingine bure.

Simu ikikwama kwenye "Inapata anwani ya IP", huenda tatizo ni ruta: izime, iwashe. Anwani ipo, mara nyingi huanza na 192.168, lakini tovuti hazifunguki? Jaribu kubadili DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, weka 8.8.8.8. Bado inagoma? Mpigie mtoa huduma. Bando jipya haliungi waya uliokatika baharini.