Fomani naye apewe cheo, posho na cheti

Fedha za mavuno kwa wakulima wengi huishia sehemu mbili: ada za shule na ujenzi. Aliyeuza mahindi Kibaigwa au korosho Mtwara ataongeza chumba, atainua ghala, au atajenga fremu mbili za duka kando ya barabara apangishe. Atauliza bei ya saruji, nondo na bati duka hadi duka, na atabishana na fundi juu ya gharama ya kila tofali. Ni wachache watakaouliza nani atawasimamia wale vijana kumi siku ya kumwaga zege.

Msimamizi huyo wengine humwita nyapara, wengine fomani. Si mkandarasi wala mhandisi. Ni fundi aliyeanza kwa kubeba maji na kokoto, akashika mwiko, sasa anawaongoza wenzake. Kwa maoni yangu, ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye saiti, na ndiye tunayemjali kidogo kuliko wote.

Tazama anavyopatikana. Fundi mwenye mkono mwepesi, anayepanga tofali nyingi kuliko wenzake, anaambiwa jioni moja kuwa kuanzia kesho atawaangalia wengine. Hafundishwi chochote. Jana kazi yake ilikuwa timazi na pima maji, leo anatakiwa kuhesabu mifuko, kujua nani hajafika, kukadiria kokoto zitaisha saa ngapi, kusuluhisha ugomvi wa saidia fundi wawili na kumweleza mwenye nyumba kwa nini nondo hazikutosha. Akishindwa tunasema hana akili ya uongozi. Nani alimfundisha?

Mafundi wana msemo wao kwamba zege halilali. Likishachanganywa, saa inahesabika. Chukua uwiano wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unahitaji ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto. Ifikapo saa nane mchana vijana wamechoka, anayehesabu ndoo anapoteza hesabu, na mwingine anaongeza maji ili zege liwe laini kulisukuma. Hapo ndipo anapotakiwa mtu wa kusema hapana, akasikilizwa. Kesho yake awepo mtu wa kuhakikisha zege linamwagiliwa maji, na keshokutwa pia, angalau siku saba. Mwenye nyumba hayupo, yuko shambani au dukani kwake.

Mimi mwenyewe nilijengewa banda la kuku ambalo mkanda wake ulipata nyufa kabla ya bati kupanda. Nikawaka kweli kweli. Baadaye nilipouliza vizuri nikaambiwa kuwa siku ya zege fomani hakuwepo saiti kwa saa tatu, na aliyemtuma mjini kufuata misumari nilikuwa mimi. Kwangu alikuwa mtu wa kutumwa tu, kama wengine.

Turudi kwenye malipo. Tuseme fundi analipwa Sh25,000 kwa siku. Fomani wengi hulipwa hiyo hiyo, au huongezewa nauli. Ukimwongezea Sh5,000 kwa ajili ya dhamana aliyobeba, akaokoa mfuko mmoja tu wa saruji kwa siku usiganda wala kupotea, umeshalipwa zaidi ya ulichotoa. Usipomlipa atajilipa, na kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua mifuko inayorudi dukani jioni inatoka wapi.

Lakini fedha pekee haitoshi. Wahandisi wana bodi yao, ERB. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana AQRB. Makandarasi wana CRB. Fomani wetu hana hata karatasi ya kuonyesha kuwa amesimamia nyumba 20 zikasimama. Njia ipo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, kumfundisha pale anapopungukiwa na kumpa cheti. Mafundi wengi hawaujui, na mabosi wao hawana haraka ya kuwaambia.

Sababu ya mabosi naifahamu: fomani akipata cheti atahama. Atahama hata bila cheti, ndugu yangu, siku mwenzako atakapomwongezea buku tano. Bora umlee. Mpe kazi ndogo kwanza, choo au ukuta wa uzio, aiongoze mwenyewe huku fomani mzee akitazama kwa mbali. Mpe daftari la mahudhurio na vifaa, mfundishe kusoma ramani. Na mbele ya vijana wote mpe mamlaka ya kusimamisha kazi anapoona hatari. Jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20. Sisemi kosa lilikuwa la fomani, hilo si langu kuhukumu. Nasema tu kwamba mtu wa kwanza kuona ufa au nguzo iliyopinda huwa ni yule aliye chini pale tangu asubuhi, na asiye na cheo hunyamaza.

Wewe unayetaka kujenga, huhitaji kusubiri serikali wala bodi. Mkiandikishana na fundi, jina la fomani liwemo kwenye karatasi, na posho yake iandikwe mstari wake peke yake, isichanganywe na ya tofali. Na misumari kafuate mwenyewe.