Tusijaze mafuta mpaka yamwagike

Natoa maoni yangu machache juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, kumbe linatupotezea fedha na kuhatarisha maisha yetu kila siku. Jambo lenyewe ni tabia ya kumwaga petroli wakati wa kujaza mafuta katika magari na pikipiki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kituo cha mafuta kilicho karibu nasi kiko umbali wa zaidi ya kilomita 30, kwa hiyo petroli tunainunua njiani, kwenye meza zilizopangwa chupa za maji zilizojazwa mafuta. Jioni moja mwaka jana nilisimamisha pikipiki yangu mbele ya meza ya namna hiyo. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliyekuwa akimsaidia mama yake. Injini ilikuwa ya moto kutokana na safari ndefu. Kijana alimimina bila faneli, nami badala ya kumzuia nikamhimiza: "Jaza mpaka shingoni, usinipunje." Mafuta yakafurika, yakateremka juu ya injini mpaka chini, na kibatari kilikuwa kinawaka mezani, hatua mbili tu kutoka hapo.

Moto uliruka ghafla ukamshika kijana mkono. Jirani mmoja kwa nia njema alimwaga ndoo ya maji, moto ukazidi kusambaa mpaka chini ya meza. Tuliuzima kwa mchanga. Kijana alilazwa hospitali wiki tatu, na mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kulia havinyooki. Ameanza upya kujifunza kuandika, mbele ya macho yangu, katika darasa langu.

Ndugu Mhariri, wapo wanaosema ajali haina kinga. Mimi sikubaliani nao. Ajali ile ilikuwa na kinga, na aliyepaswa kuiweka ni mimi mwalimu. Nilisoma sayansi chuoni, na kila mwaka nawafundisha watoto kwamba vitu hupanuka vikipata joto. Lakini siku ile nilichoogopa ni kupunjwa tu.

Naamini woga huo wa kupunjwa ndio chanzo cha hasara nyingi. Hata kwenye vituo vikubwa mjini nimeona pampu ikijikata yenyewe, na mhudumu akaendelea kubonyeza mara mbili au tatu ili fedha zitimie namba nzima. Wengine hulitikisa gari ili mafuta yashuke, kisha huongeza tena. Pampu inapojikata haijakosea. Kwenye ncha ya mdomo wake mna kitundu kidogo, na mafuta yakipanda yakakiziba, pampu hufunga. Maana yake tangi limetosha. Nafasi inayobaki juu ina kazi yake. Lita 50 za petroli zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita. Ukijaza mpaka shingoni kisha ukaegesha gari juani, ongezeko hilo litapita wapi? Litatoka nje, nawe umeshalilipia. Kwa hiyo anayelazimisha tangi kujaa hujipunja mwenyewe.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Kinachowaka kwanza ni mvuke wa petroli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoweki juu kama moshi, bali hutambaa chini na kujikusanya mabondeni na ndani ya vyumba. Ndiyo sababu kibatari, jiko la mkaa au sigara iliyo hatua kadhaa kutoka hapo inaweza kuleta maafa. Na maji hayafai kuzimia moto huo, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kusafiri nayo huku ikiwaka.

Tusisahau pia kwamba mafuta yakishamwagika si mali tena. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na wananchi wakakimbilia kuchota petroli. Moto ulipolipuka tulipoteza ndugu zetu zaidi ya 100. Majirani zetu wa Kenya walipata msiba kama huo huko Sachang'wan mwaka 2009, na wenzetu wa Kongo huko Sange mwaka 2010. Mtu aliyezoea kuona petroli ikimwagika kila siku bila madhara hawezi kuiogopa siku inapomwagika kwa wingi.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, kila mwenye chombo azime injini kabla ya kujaza, abiria wa pikipiki ashuke, na injini iliyo ya moto iachwe ipoe kidogo. Pili, pampu ikijikata tuishie hapo. Tatu, wanaomimina kwa mkono watumie faneli, na kidumu kinapojazwa kiwekwe chini ardhini, kisiwe juu ya kiti cha pikipiki. Nne, ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, na mafuta yakimwagika yafunikwe kwa mchanga kabla ya kuwasha injini. Tano, mtoto asikabidhiwe kazi ya kuuza petroli hata kidogo.

Najua kuuza petroli kwenye chupa hakuruhusiwi. Lakini kukamata chupa peke yake hakutoshi, maana mgonjwa wa kijijini hupelekwa hospitali kwa bodaboda hiyo hiyo inayotegemea chupa hizo. Naiomba Serikali yetu, kwa kushirikiana na EWURA na wenye mitaji, ihimize ujenzi wa vituo vidogo vya mafuta vijijini. Nalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lisiishie mijini, bali litembelee shule na vijiwe vya bodaboda huku kwetu. Halmashauri za vijiji nazo ziliweke jambo hili katika ajenda za mikutano yao.

Sisi walimu tuanze darasani. Mimi nimeshaanza, na anayenisaidia kuwaeleza wenzake ni kijana yule yule. Husimama mbele ya ubao, huonyesha mkono wake, na darasa zima hunyamaza.



Mwalimu wa kijijini,
Mkoa wa Morogoro.